Kisu cha Kijapani na Ndoo ya Sambaza

Mke wangu alinituma Goma kununua kikaango, maana chetu kilikuwa kimetoboka. Mimi, bingwa wa video za mapishi, nikarudi na kisu cha Kijapani.

Muuzaji aliniuliza nakata nini. Nikamjibu kwa madaha kwamba natoka Gisenyi, ziwa liko mlangoni, basi nakata samaki. Akanichagulia kirefu, chembamba, kilichonolewa upande mmoja, cha kukatia samaki wakubwa vipande laini. Pesa ya kikaango ikaishia hapo.

Nyumbani nikatangaza sheria: kisiguse mfupa, kisilale na visu vingine, na mke wangu asikishike kabisa. Kisha nikaalika wakwe Jumapili waje waone samaki akikatwa kistaarabu. Mama mkwe, anayeuza samaki sokoni, akasema samaki ataleta yeye. Nikaota samaki wa urefu wa mkono.

Siku hiyo nilivaa hadi aproni. Mama mkwe akaweka ndoo mezani, nikafunua. Sambaza watupu, kila mmoja kama kidole, samaki ambao hapa kwetu hata mtoto anajua hukaangwa wazima na kuliwa na vichwa vyao.

“Bon, mukwe wangu,” akasema, akivuta kiti. “Tuko tunaangalia. Kata.”

Nikamlaza sambaza mmoja ubaoni, nikamkata katikati.

Mama mkwe akamgeukia binti yake. “Leta kikaango, tukaange.”

Mke wangu akaninyooshea kidole kwa upole.

“Kikaango njo ile anashika mu mukono, mama.”