Kamanda Amesafiri

Harufu ya petroli ya jenereta, ikichanganyika na ya karanga za kukaanga na ya miguu ya watoto waliokanyaga vumbi tangu asubuhi, ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi zangu. Nikiisikia leo popote, hata kwenye kituo cha mafuta, moyo hushtuka kabla akili haijajua kwa nini. Ni harufu ya kibanda umiza cha Mzee Hamadi pale Shanwe, mjini Mpanda. Kilikuwa chumba kirefu cha mabati, ukuta mabati na paa mabati, chenye maturubai meusi madirishani na mabenchi ya mbao ambazo hazikuwahi kuonja randa. Mbele kabisa ilikaa televisheni moja yenye mgongo mkubwa, imefungiwa ndani ya kizimba cha nondo utadhani ingetoroka. Jua la mchana likishapiga tulichemka mle ndani kama maharage. Watu wazima walikiita umiza kwa sababu kiliumiza mbavu, macho na makalio, lakini sisi watoto hatukuona kilichouma.

Mfalme wa kibanda hakuwa Mzee Hamadi mwenye mali, bali mjomba wangu Shija, mdogo wake mama. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akitafsiri filamu, na mji mzima ulimjua kwa jina la Dijei Kimondo. Alipunguza sauti ya mashine, kisha watu wote wa kwenye kioo, Wachina, Wahindi na Wazungu, wakazungumza kwa koo lake. Kiingereza chake kiliishia kidato cha pili na Kichina hakikuanza kabisa, lakini hilo halikumnyima usingizi. Alikuwa na sauti ya mzee, ya bibi harusi, ya jambazi na hata ya mbwa. Pale asipoelewa alibuni, na kusema kweli alichobuni kilinoga. Mama alikuwa akisema mdogo wake alizaliwa anaongea, kilio kikafuata baadaye.

Sisi ni Wasukuma. Wazazi wangu walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini kabla sijazaliwa, wakatua Mamba, kule Mpimbwe, wakalima mpunga na kuchunga. Nilipofika umri wa shule mama alinileta mjini, tukakaa Kawajense nyumbani kwa mjomba, na baba akabaki na mifugo. Kiangazi cha mwaka niliokuwa darasa la pili kilikuwa kikali, visima vikakauka, na baba akaamua kusogeza ng'ombe kusini, mbali sana, kufuata majani. Alipita kutuaga. Nakumbuka koti lake zito lililonuka moshi na maziwa, na namna alivyoninyanyua kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa umeshika fimbo, kwa sababu mchungaji wa kweli haweki fimbo yake chini hata akimbusu mtoto. Kisha akaondoka, nami nikaanza kazi ya kumsubiri, kazi ambayo mtoto huifanya hata akiwa anacheza.

Mvua zilikuja na kuisha. Mpunga ulipoanza kuvunwa, mama aliitwa Mamba ghafla, akaondoka bila hata kufunga kanga yake vizuri. Alirudi baada ya siku kadhaa, amekonda, na kichwa chake kilichokuwa na nywele nyingi kilikuwa kimenyolewa kikang'aa. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilikipapasa kichwa cha mama yangu kwa viganja viwili na kucheka.

"Chawa, mwanangu," alisema. "Kule tulilala pabaya."

"Na baba umemkuta?"

"Baba yako kasafiri. Kaenda mbele zaidi."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, akitazama viatu vyake. Wewe unayesoma umekwisha kuelewa, kwa sababu unajua kwamba kwetu mke wa marehemu hunyoa, na unajua pia kwamba mtoto hafunguliwi msiba. Mtoto huambiwa mtu kasafiri. Huambiwa hivyo kwa upendo, na nyumba nzima hukaa juu ya neno hilo kwa uangalifu, kama watu waliokalia benchi lenye mguu mbovu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Niliamini chawa, na niliamini safari.

Muda si mrefu, filamu ile ikaingia mjini. Ilikuwa katuni, lakini si katuni ya panya na paka. Ilikuwa ya mashujaa wa angani waliovaa deraya kuanzia utosini hadi nyayoni, magamba ya chuma yaliyopandana kama ya kakakuona, na kila mmoja kifuani alikuwa na taa ya buluu. Walipanda vyombo vyenye umbo la mkuki na kupigana na giza lililokuwa likila nyota moja baada ya nyingine. Mjomba aliwaita sungusungu wa angani, na sisi watoto tukawaita watu wa mabati. Sayari walikotoka aliipa jina la Inyonga, mji wa jirani zetu. Giza lilitokea upande wa Tabora, kwa sababu, alisema, kila kinachochelewa kufika Mpanda hutokea huko kwa treni. Kibanda kilivunjika mbavu kwa kicheko. Na kulikuwa na jambo moja lililomrahisishia kazi kuliko filamu nyingine yoyote: watu wa mabati walifunika nyuso. Midomo yao haikuonekana, basi wangeweza kusema lolote ambalo Dijei Kimondo angetaka waseme.

Mkubwa wao alikuwa Kamanda, mwenye binti mdogo aliyebaki Inyonga akimsubiri kwenye lango la chuma. Kuelekea mwisho Kamanda aliingia peke yake kwenye ufa wa mbingu ili auzibe. Mwanga mkubwa ulimulika kioo kizima, kisha kimya. Halafu alionekana mwenzake mmoja akirudi kwenye lango, akapiga goti mbele ya yule binti bila kuvua kofia ya chuma, na kumwambia maneno. Binti akajikunja na kulia. Mjomba alitutafsiria hivi: "Baba yako anakusalimu sana. Ufa ameuziba, lakini upande wa pili kakuta nyota zenye majani mengi, kaona azipitie kwanza. Amesafiri." Na alipoona binti bado analia, akaongeza, "Analia kwa furaha." Kisha mashujaa walibeba deraya tupu ya Kamanda mabegani, polepole, wakaiachia ielee kati ya nyota, na mjomba akasema wanampelekea nguo za kubadilisha. Halafu alitugeukia na kuuliza kwa sauti ya ngurumo, "Nyie watoto! Kamanda yuko wapi?" Nasi tukajibu hadi mabati yakatetemeka, "Amesafiriii!"

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena. Baba yangu hakuwa mtu aliyetusahau. Alikuwa mtu wa aina ya Kamanda, aliyekuta majani mengi. Nilimsimulia mama filamu yote wakati akipepeta mchele, na mama alipepeta bila kuinua uso, akaendelea kupepeta hata mchele ulipokuwa safi. Kila Jumamosi nilikwenda, na kila Jumamosi Kamanda alisafiri.

Njia ya mwongo ni fupi, hata mwongo akiwa na roho nzuri. Zuhura, binti wa Mzee Hamadi, tulikuwa naye darasa moja. Yeye aliona filamu Jumapili, siku ambayo mimi na mama tulikuwa kanisani. Jumatatu moja, wakati wa uji, niliwasimulia wenzangu habari za nyota zenye majani, naye akanikatiza.

"Kabula, acha kamba. Yule si kafa? Jana tumeona mpaka wanamzika."

"Hajafa! Amesafiri!"

"Kafa bwana. Mjomba wako mwenyewe ndiye kasema."

Nilimrukia. Nilimvua mtandio, yeye akanichania kola, na mwalimu akatupigisha magoti sote wawili kwenye changarawe mbele ya bendera. Kilichoniuma hakikuwa changarawe. Zuhura hakuwa na sababu ya kudanganya, na hakuonekana kushinda. Alionekana kushangaa.

Jumapili iliyofuata, watoto tulipotolewa kwenda mafundisho, mimi nilipita nyuma ya kanisa na kukimbia hadi Shanwe. Filamu ilikuwa imekwisha kupita katikati, na sikuingia kibandani. Nilisimama nyuma, kwenye ukuta wa mabati ulioungua jua, kando ya jenereta, nikaweka sikio karibu na tundu la msumari. Kwa sababu ya mlio wa jenereta nilishika maneno nusu nusu, lakini nilijua kila pigano kwa kichwa. Nilijua ufa ulipofika, nilijua mwanga ulipomulika, nilijua goti lilipopigwa. Kibanda kizima kilinyamaza. Kisha nikamsikia mjomba akisema, taratibu, kwa sauti yake mwenyewe ambayo hakuwa amempa mtu yeyote wa kwenye filamu:

"Kabula."

Nilidhani ameniona. Nilijibanza, nikangoja aje anishike sikio. Hakuja.

"Kabula, mwanangu, sikiliza mjomba. Baba yako hatarudi. Homa ilimkuta njiani na ng'ombe, wenzake wakamzika hukohuko. Mama yako anajua. Mimi najua. Tumeshindwa kukwambia. Ukituangalia na macho yako yale, tunashindwa."

Hakuna aliyeuliza ng'ombe walifikaje angani. Nadhani watu wazima mle ndani walielewa wanachosikia, na watoto waliona tu binti akilia kwenye kioo na ikawatosha. Mimi nilibaki nimeegemea bati la moto mpaka bega likaniungua, na sikuliondoa. Nilielewa yote kwa mkupuo, kichwa kilichonyolewa, mchele uliopepetwa mara mbili, viatu vilivyotazamwa. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema, na mjomba wangu hakuwa na mahali pa kulilia isipokuwa kwenye kipaza sauti, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Nilirudi kanisani kabla misa haijaisha, nikakaa kando ya mama. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, fupi na laini. Nilitaka kumwambia najua. Nilifungua mdomo, nikamwona anavyoimba huku ameshika mkono wangu, nikaufunga. Mtoto naye huwa na watu wa kuwalinda, ila hakuna anayemwuliza. Jumamosi ilipofika nilikwenda kibandani kama kawaida, nikakaa benchi la mbele ili mjomba anione vizuri. Kamanda aliingia kwenye ufa. Mwenzake akapiga goti. Mjomba akasema habari za majani mengi, macho yake yakinitafuta gizani, na alipouliza Kamanda yuko wapi, mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote, "Amesafiriii!" Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Nilifanya hivyo kila Jumamosi hadi filamu ilipochakaa na kuanza kukwamakwama. Usiku nilimlilia baba yangu ndani ya shuka, kimya, nikiuma kona yake.

Mama alinifungulia msiba mwaka uliofuata, baada ya mavuno, shangazi zangu wakiwa wamekaa pande zote kunidaka. Nililia, na kilio kilikuwa cha kweli, ingawa hakikuwa kipya. Mjomba alitoka nje. Hatukuwahi kuzungumza juu ya ile Jumapili, si wakati ule wala nilipokuwa mtu mzima, na nilijiapia kwamba watoto wangu sitawafanyia hivyo. Wangu nitawaambia.

Kibanda kile hakipo siku hizi. Pamejengwa fremu za maduka, na mahali paliposimama jenereta wanauza makava ya simu. Filamu zinakuja simuni, zimekwisha kutafsiriwa na mtu usiyemjua, maneno yaleyale kwa kila mtoto, awe na baba au hana. Mwanangu Maige, mwenye miaka sita, alikuwa na bahati zaidi. Mjomba Shija alizeeka hapohapo kwetu Kawajense, na kila jioni alimpakata, akazima sauti ya simu na kumsemea katuni zake upya, huku akikohoa katikati ya vita. Mwaka huu, mvua zilipokatika, kile kikohozi kilimchukua.

Tulipotoka makaburini nilimkuta Maige amekaa kwenye kiti cha babu yake, simu mapajani haijawashwa. Akina mama wa msibani, mama yangu akiwemo, walikuwa wamekwisha kunitangulia.

"Bibi kasema babu kasafiri," aliniambia.

Nilichuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimelibeba jibu hilo tangu nikiwa na miaka tisa. "Hapana, baba. Babu amekufa. Ndiyo maana watu wanalia. Tumemzika leo, na hatarudi."

Hakulia. Alinitazama, na niliona neno langu likimwingia na kutafuta mahali pa kukaa. Nilikuwa na ukweli wote niliokuwa nimenyimwa, nikampa wote, na sikuwa na kingine cha kumpa. Akanishika mashavu kwa viganja viwili.

"Mama," alisema, "hebu sema kasafiri."

Nikasema.