Daktari alitaka kushona jicho langu, nikaomba miezi mitatu: lenzi, jicho kavu na vitunguu vya Malolo

Wakuu, habari za mihangaiko. Naandika nikiwa Mikumi, jicho la kushoto liko wazi. Mkifika mwisho mtajua kwa nini nimeanza na hilo. Chumvi siongezi, niliyonayo ni ya lenzi.

Mimi ni mama wa vitunguu. Nanunua Malolo, nauza Mikumi barabarani.

Mwaka juzi nilitolewa uvimbe nyuma ya sikio. Uvimbe ulitoka, ila mshipa unaoendesha uso ukaguswa. Kushoto kote kukapooza. Kope haifungi, machozi hayatoki.

Faida nilipata moja: mkulima akitaja bei, hajui nusu ya uso wangu inawaza nini.

Hasara sasa. Matone kila nusu saa, plasta usiku, na bado kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, kikapata kidonda. Daktari, binti mdogo kwangu, akasema kope zishonwe, jicho lifungwe moja kwa moja.

"Zote?"

"Karibu zote, mama."

"Shona nusu."

"Mama, hapa si sokoni."

"Basi nipe miezi mitatu."

Akacheka. Kisha akasema ipo contact lens kubwa, inakaa juu ya weupe wa jicho, ndani inajazwa maji ya chumvi ya hospitali, jicho linashinda limelowa. Tukakubaliana: kwanza kidonda kipone kwa dawa, kisha miezi mitatu ya lenzi. Kidonda kikirudi, anashona.

Kuivaa unainama, unatazama chini kwenye kioo cha kujitazamia kilicholazwa mezani, lenzi imejaa maji, unaipandisha polepole. Kikiingia kiputo kimoja cha hewa, unaanza upya. Siku ya kwanza nilianza upya mara kumi na moja. Nimehesabu tena, ni kumi na moja. Ya kumi na mbili ikakaa.

Wiki ya pili nikaharibu.

Kwetu mnunuzi anapasua kitunguu mwenyewe kabla ya bei. Asiyepasua anaonekana hana nia. Nikapasua, nikanawa maji ya ndoo bila sabuni. Lenzi ikawa na ukungu, nikaivua nikairudisha kwa vidole vilevile.

Wakuu, ule moto! Jicho la kulia likalia kwa niaba ya yote mawili.

Daktari alinifokea kwenye simu kama mimi ndiye binti. Kesho yake nikawa kwake. Kidonda hakikurudi, ila mlango nilikuwa nimeshakifungulia.

Nikarudi Malolo na sheria mpya: sishiki kisu. Nikamwamkia mzee Saidi, ninayenunua kwake siku zote, akaitikia, akanipa kisu. Nikakataa.

"Mama Zawadi, tangu lini unaogopa kitunguu?"

"Pasua wewe mzee, mimi nitazame."

Akapasua. Kizuri. Cha pili, kizuri. Hapo ndipo nikaona jambo ambalo miaka yote lilinipita kwa kuwa macho yalikuwa kwenye kisu: vitunguu vya kupasua mzee anavitoa juu ya gunia tu.

"Sasa kile cha chini kabisa."

Wapakiaji wa magunia waliokuwa pembeni wakaangua kicheko kabla hata hakijapasuliwa. Kilikuwa kimeoza katikati.

"Jicho hilo umelitoa wapi?" mzee akaguna.

"Ni lilelile. Limelowekwa tu."

Bei ikashuka, na tunaheshimiana mpaka leo.

Miezi mitatu ikatimia. Daktari akatazama kwa mashine yake. Mimi roho juu.

"Safi."

"Tazama tena."

Akatazama tena. "Safi, mama. Sishoni."

Nilitabasamu, upande mmoja, lakini lilikuwa tabasamu zima.

Nilichojifunza: nawa kwa sabuni, ukimaliza nawa tena. Maji ya ndoo si ya lenzi. Usiku ivue, paka dawa, bandika plasta. Na ukiomba muda kwa daktari, timiza masharti yake. Mimi si mtaalamu, kila jicho na daktari wake.

Humu kuna aliyepooza uso anavaa lenzi hizi? Kiputo unakikwepaje? Mimi nimeshuka hadi majaribio mawili, nataka moja.