Nta ya Oddmund na Kilo Nane

Ilikuwa mwaka 2012. Hapana, nimekosea, ulikuwa 2013, kwa sababu 2012 Oddmund Haugseth alikuwa bado anafunga kifungo cha suruali yake ya kutelezea thelujini bila kuzuia pumzi.

Januari hiyo daktari alimwambia kwa upole kwamba goti lake la kushoto limekwisha, ila hatamwandikia barua ya kwenda kuwekewa jipya mpaka apunguze kilo nane kabla ya Pasaka. Kuteleza tambarare kunaruhusiwa, tena kutamsaidia. Oddmund alikuwa na miaka sitini na minane, fundi mabasi mstaafu, na maisha ya kuzitazama skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea, zikining'inia ukutani aliyaona kama kuzikwa mapema ili kuwapunguzia watu kazi.

Basi kila asubuhi akawa anateleza kilomita saba hadi kibanda cha Svarttjern, na saba za kurudi, mkononi amevaa saa ya kuhesabu kalori aliyonunuliwa na bintiye. Kibanda kile hukipiti hivihivi. Unaingia, unaandika jina daftarini, unakula mkate wa mioyo wa Gudveig, mwenye kibanda, unaookwa ndani ya chuma ukatoka na umbo la mioyo mitano, juu yake jemu na jibini la kahawia. Oddmund alikula miwili. Mmoja wa kwendea, alijihesabia, na mmoja wa kurudia.

Baada ya wiki tatu akapanda mizani. Ameongezeka kilo moja na nusu. Akashuka, akavua soksi, akapanda tena. Soksi hazikuwa na hatia.

Akaichungulia saa. Ilisema kwamba njia nzima ya kurudi alikuwa ametumia nguvu za mtu aliyekaa anasoma gazeti. Sababu aliijua. Kwa miaka arobaini hakuna mtu bondeni aliyezipaka skii nta ya kutelezea kama yeye. Skii zilikwenda zenyewe, yeye abiria tu. Na sifa hiyo aliitangaza mwenyewe, hasa kwa jirani yake Arnfinn, ambaye kila msimu Oddmund alimpita njiani akimuuliza kama anateleza au anasubiri basi.

Siku mbili aliwaza. Ya tatu akazikwangua skii, akapaka nta ya siku za joto ili zisiende zenyewe tena, na nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri. Theluji ikagandia chini ya skii kama unga uliokandwa kwenye vidole. Akawa anaburuta miguu, anahema kama ng'ombe anayezaa. Wamama wa kwaya wakampita, wakimpa pole. Kisha nyuma yake akatokea Arnfinn.

"Mzee mwenzangu, unateleza au unasubiri basi?"

"Nasubiri basi. Limechelewa. We pita tu."

Arnfinn alisimama. Akazitazama skii. "Hii umefanya makusudi, Oddmund?"

"Uzee, bwana. Nimesahau nta."

Arnfinn akakitazama kitambi cha mwenzake, akatangulia kibandani.

Wamama wa kwaya wakaeneza habari: maskini Oddmund, hata nta imempotea. Hakukanusha. Sifa ya miaka arobaini, alijiambia, ndicho kitu pekee alichowahi kumeza bila kunenepa.

Mkate wa mioyo ndio uliomshinda kuacha. Siku aliyoagiza kahawa tupu, Gudveig alimuuliza kama kuna msiba. Akarudi kwenye mmoja. Ila tangu Februari ukawa mwembamba, mkavu, hauna ladha. Akadhani ulimi nao umezeeka.

Wiki moja kabla ya Pasaka, mizani ya daktari ilionyesha amepungua kilo nane na robo. Barua ikaandikwa. Kesho yake akapaka nta yake ya kweli, akampita Arnfinn kama upepo, akaingia kibandani. Mkate ulioletwa ulikuwa mnono, unang'aa siagi.

Aliutazama sana kabla ya kumwuliza Gudveig kulikoni. Yeye akageuza chuma chake, akauliza nani anataka kahawa. Goti sasa ni zima, suruali inafungika, na kila Pasaka Oddmund humwuliza upya, Arnfinn akiwa pembeni anachungulia kikombe chake:

"Ile mikate ya Februari, Gudveig, ulinikorogea na nini, na nani alikutuma?"