Chafya ya Pilipili Manga

Mama yangu hakuwahi kupima pilipili manga kwa kijiko. Kijiko, alisema, ni cha watu wa ngumbaru, yaani mimi, niliyesoma usiku mpaka nikapata cheti. Kwenye kibanda chake cha supu hapa mtaani Bulla Pesa yeye alipima kwa pua. Ananyunyiza kidogo kidogo, anainamia sufuria, mvuke unampiga, anapiga chafya. Chafya ikitoka, imetosha. Anasema Alhamdulillahi, na benchi nzima inamwombea rehema huku ikisogeza bakuli. Chafya yenyewe ilisikika mpaka Oldonyiro, mwendo mrefu wa gari. Ng'ombe wa mnada wa huko waligeuza shingo.

Kisha akashikwa na homa. Homa iliondoka, ikabeba pua. Siku aliyorudi kibandani alinyunyiza, akangoja, akanyunyiza tena. Kimya. Wateja walikunywa supu ile wakitoa machozi ya kuzika chifu. Mama akasema pilipili imekufa.

Sikubisha, maana pilipili iliyosagwa hufa kweli ikiachwa wazi karibu na moto. Nikamtafutia mkebe wenye kifuniko cha kukaza, nikauweka mbali na jiko, gizani. Tukawa tunasaga ya siku hiyo tu. Bado kimya. Basi akasema mwenye duka ametuchanganyia mbegu za papai, kwa sababu zikikauka zinafanana na pilipili manga kama mapacha. Nikamwaga punje kwenye bakuli la maji mbele yake. Mbegu za papai huelea. Hizi zilizama zote. Mama alizitazama pale chini, na mimi nilitamani hata moja ielee.

Tukajaribu vingine badala yake. Tangawizi kavu, hakusikia. Pilipili kali nyekundu, ulimi ulimwaka lakini pua ikalala. Muuza miraa mmoja aliuliza kama supu hii ni ya kunywa ama ya kuwasha lori. Alicheka, akalipa, akahamia kibanda cha ng'ambo, na wengine wakamfuata. Benchi ikabaki na mzee wa jirani, ambaye hana meno ya kumpeleka kwingine.

Jana asubuhi nilifungua mkebe, na chafya ikanitoka mimi, ya kubomoa ukuta.

"Yarhamukallah," mama akanijibu haraka. Akaninyang'anya mkebe, akatumbukiza pua, akavuta. Mimi na mzee tukangoja, dua iko tayari mdomoni. Akaitoa pua ikiwa nyeusi nchani.

"Wewe unasikia harufu?"

"Nasikia, mama."

"Ikoje?"

Mimi ninayeongea mpaka punda wanalala nilipata neno moja tu. Nikasema ni kali.

"Kali najua," alisema. "Nilikuwa nauliza harufu."

Akajipangusa pua kwa leso, akapekua kikapu cha vyombo mpaka chini kabisa, akanipa kijiko.