Redio ya Ayeeyo na Fisi wa Sangailu

Juzi nilikuwa Bura, nimekaa kwa duka nafukuza nzi, abti yangu akapiga simu. Abti ni kaka ya mama, na huyu wangu salamu hana. "Warya, kuja Garissa utoe hizi maiti kwa chumba ya ayeeyo." Moyo ikaruka. Kumbe anasema redio.

Rafiki yangu, kama umekulia huku kwetu, unazijua redio hizo. Ayeeyo, yaani nyanya yangu, alikuwa nazo tatu, zimepangwa juu ya rafu kama wazee wa baraza, na kama wazee wa baraza, hakuna hata moja ilikuwa inafanya kazi ya maana. Moja ya mbao, nzito kama mahari. Ya pili imepoteza kifungo, unaizungusha kwa koleo. Ya tatu ayeeyo aliishonea koti ya ngozi ya mbuzi kwa mkono wake, wakati mimi naenda madrasa na shati ina madirisha mgongoni.

Nilizidharau mapema sana. Betri zilikuwa zinatunzwa kuliko watoto. Zikichoka, zinapandishwa juu ya mabati zipigwe jua, na sisi tunaambiwa tusizipitie karibu tusiziletee kivuli. Mimi nilikuwa eriali. Ndiyo, mtu hai na damu yake. Nasimama uani nimeshika waya, ayeeyo anapiga kelele ndani, "Inua mkono! Usipumue!" Harufu ya anjera inanipita puani, chai ya tangawizi na maziwa ya ngamia inachemka, na mimi nimesimama kama mlingoti.

Halafu inafika saa ya majina. Hapo bulla yote, mtaa mzima, inanyamaza. Mwanaume wa redio alikuwa na sauti ya mtu ameshiba, anasoma watu waliopotea: fulani bin fulani anatafutwa na mama yake, fulani anatafutwa na watoto wake. Majirani walijaa kwa mlango wetu, hakuna anayekohoa. Siku moja jirani yetu, mama wa sambusa, alisikia jina lake mwenyewe. Kaka yake anamtafuta, yuko Banissa, mzima, anauza mbuzi. Mama alitoka mbio na kiatu moja, vigelegele mpaka msikitini. Siku hiyo tulikula sambusa bure, na mimi eriali nikapewa mbili.

Ayeeyo alimshika mkono, akamwambia mashallah. Yeye pia alikuwa anangoja kaka yake. Huyo alitoka Sangailu na ngamia msimu wa ukame, anatafuta majani, mpaka leo. Ayeeyo alipeleka jina kwa redio, akangoja. Majina yakiisha bila la kaka yake, anainuka. Anachukua kijiko ya uunsi, ule udi wetu wa kufukiza, anamwaga kwa makaa, anaweka chetezo mbele ya redio mpaka moshi inaingia kwa vile vitundu. "Wafu wengi wamepita humo leo," anasema. "Lazima nyumba inukie." Redio ikanukia kuliko sisi wote.

Sasa nimefika Garissa, nakuta kikao. Abti anajenga nyumba ya mawe, kile chumba cha udongo kinabomolewa kesho yake. Yeye anataka zote ziende kwa mkokoteni wa vyuma kuukuu. Kijana wake naye amefungua mahali ya kahawa huko barabarani, anauza chai ndani ya chupa ya jemu, amevaa miwani haina kioo. Anazunguka redio ya mbao na simu, anapiga picha. "Buda, hizi ni vintage! Natoa matumbo, naweka bluetooth, wasee watajaa."

Huyu! Wakati wa majina alikuwa anapelekwa kwa majirani kwa sababu hawezi kufunga mdomo.

Wakaniuliza mimi. Nikasema tupa. Ayeeyo alikuwa amekaa kwa mkeka anahesabu tasbihi, hata hakuniangalia. "Weka betri," akasema.

Nikaweka. Ya mbao kimya. Ya koleo kimya. Ile ya koti ikakohoa, ikapiga mluzi, halafu akatokea mwanaume mmoja anauza magodoro. Ayeeyo akamsikiliza mpaka mwisho, bei na rangi zote. Akageuza kifungo huku na huku. Majina hakuna. Siku hizi watu wanatafutana kwa simu, na picha juu.

Akaizima. "Hii kitu imeita watoto wa kila mtu," akasema. "Kaka yangu peke yake imemshinda. Hizo mbili mpeni huyu mjinga wa kahawa. Hii ipeleke Sangailu, ikaongee na fisi."

Abti alicheka mpaka kofia ikaanguka. Ndugu zetu wafugaji wa Sangailu hufunga redio kwa ua wa miiba, fisi akisikia sauti anadhani watu wako macho. Na mimi nikacheka. Nikasema hatimaye imepata wasikilizaji wa kiwango chake.

Asubuhi nikamkuta ayeeyo ameshawasha uunsi, redio iko juu ya moshi kama bibi harusi.

"Nunua betri mpya," akaniambia. "Na uifunge upande wa njia."

"Ayeeyo, fisi hapiti njia. Fisi anapita kichakani."

"Fisi anapita kichakani," akasema. "Watu wanapita njia."

Chumba kimeshabomolewa. Ile kimya ya bulla nzima, watu wameshikilia pumzi kwa jina la mtoto wa mwingine, imeenda na udongo wake. Sasa kila mtu ana waya yake sikioni na kilio chake peke yake. Redio bado nazidharau, usinielewe vibaya. Lakini nimeifunga upande wa njia, inanukia uunsi mpaka mbuzi wanapiga chafya.

Ukipita Sangailu ukasikia mwanaume anauza magodoro ndani ya miiba, wewe endelea na safari yako. Lakini kama wewe ni mzee, ulitoka na ngamia ukaacha dada, simama. Ingia useme jina lako.