Sekunde Moja ya Baba

Baba alipopata kiharusi, mkono na mguu wake wa kushoto ililegea, na maneno yakawa yanamtoka polepole. Alikuwa amefundisha kwaya ya usharika wetu kule Mhezi tangu kabla sijazaliwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemhudumia mjini Same alituambia kwamba wagonjwa wengine kama yeye hutembea vizuri zaidi wakiwa na mlio wa kufuata, hatua moja kwa kila mlio.

Mimi nafundisha fizikia katika sekondari moja hapo Same, na kuchezea vifaa vya umeme ndiyo starehe yangu. Nikachukua bodi moja ndogo ya kielektroniki, ya zile zinazoandikiwa programu kwa kompyuta, nikaiunganisha na betri na kikengele. Kabla ya kupakia programu, lazima uiambie kompyuta bodi yako ni ya aina gani. Nikachagua ile niliyoizoea. Programu ikaingia bila tatizo, kikengele kikalia, ti, ti, nami nikakifunga kwenye kitambaa na kupanda mlimani hadi Mhezi Jumamosi hiyo hiyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Nilimweleza, nikamvalisha shingoni kwa kamba. Mama akamshika upande wa kushoto. Mlio wa kwanza, baba akapiga hatua. Wa pili ukakawia, mguu ukabaki hewani, akamwegemea mama begani akingoja. Hatua ya tatu nusura waanguke wote wawili. Tukamrudisha kitini.

"Umesema kila sekunde moja?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Hii si sekunde. Inachelewa."

Nilimwitikia kwa kichwa, kwa ule upole wa kumbembeleza mtoto mwenye homa. Nilidhani ni ugonjwa. Niliwaza kwamba kumbe hata mapigo yamemtoka, baba yangu aliyeweza kusimamisha kwaya nzima kwa sababu sauti moja ya nyuma imewahi. Machozi yakanilenga. Nikainama nikijifanya nakaza waya.

"Usinitikisie kichwa," baba akasema. "Kilichoharibika ni mguu. Masikio ni yale yale."

Akaanza kugonga mkono wa kiti kwa kidole cha kulia, bila haraka, bila kuyumba. Kwa kila mlio wa kikengele, yeye aligonga mara mbili.

"Unasikia? Nusu. Tena nusu kamili."

Nikatazama saa ya ukutani. Mshale wa sekunde na kidole cha baba vilikuwa vinakwenda pamoja.

Nikaipeleka bodi dirishani. Kwenye kile kichuma kinachoipa bodi mapigo yake kuna namba ndogo mno ya kasi yake, ikabidi niazime miwani ya mama. Iliandikwa nane. Mimi kwenye kompyuta nilikuwa nimechagua kumi na sita. Bodi za aina hizo mbili zinafanana kabisa, na kompyuta inaamini unachoiambia. Iliipigia hesabu bodi yenye kasi maradufu, na hii yangu ya polepole ikazifuata hesabu hizo kwa mwendo wake, sekunde moja ikawa mbili.

"Kosa ni langu, baba," nikasema. "Mimi nilidhani..."

"Najua ulidhani nini."

Hakusema kwa hasira. Alinishika kiganja kwa mkono wake mzima, akakaa nacho, mpaka mama akasema chai inapoa.

Nilikuwa nimekuja na kompyuta kwa ajili ya kujaza alama za wanafunzi. Nikachagua bodi iliyo sahihi, nikapakia upya. Safari hii baba alitoka sebuleni, akavuka uwanja hadi jikoni kwenye chungu cha makande, hatua moja kwa kila mlio. Katikati ya uwanja mama alimwachia mkono. Sidhani kama baba alijua. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikiogopa hata kukohoa.

Sasa anafika peke yake hadi shambani kutazama maharage. Aliniomba mwendo mwingine wa polepole kwa ajili ya mteremko, nikamwekea kitufe. Mama anasema baba akichoka hakigusi kitufe hicho. Husema betri imekwisha, kisha anakaa kwenye jiwe, anatazama ukungu ukishuka kutoka msituni, na mama anakwenda kukaa naye.