Aliyebisha Hodi Mara Moja

Usicheke kabla sijamaliza. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Songea, nikiwa na akili zangu timamu, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone la ulanzi.

Nimezunguka sana, Mbeya, Masasi, hadi ng'ambo ya Ruvuma, na kila mahali nilikumbuka harufu ya tumbaku ya kwetu Namtumbo. Niliporudi, Mzee Mapunda, aliyekuwa fundi mkuu, alinichukua kwenye chumba cha kompyuta cha hospitali moja ya mjini. Humo mna mitambo inayohifadhi picha za wagonjwa, na programu ya kuilinda: kebo ikikatika au diski ikiharibika, inatuma ujumbe kwenye simu. Mzee alinifundisha kazi, kisha akafariki. Tulimzika kabla ya mvua kuanza.

Mvua zilipoanza, umeme ukawa wa kuchezacheza, na simu ikalia kutwa nzima kwa mambo ya bure. Nikaiagiza programu isitume ujumbe mpaka tukio lijirudie mara tatu.

"Kwa nini tatu?" akauliza Haule, binti ninayefanya naye kazi.

"Kwetu ukiitwa nje giza likiingia, huitiki mara ya kwanza. Mtu atarudia. Kisicho mtu huita mara moja tu."

"Makubwa. Kaka, hata mashine unaiogopea uchawi?"

Akacheka, akaiacha ilivyo.

Sasa sikiliza. Jioni moja Haule alikuwa wodini na mama yake, ambaye angepasuliwa mgongo asubuhi. Picha zote za mgongo huo zilikuwa kwenye mitambo yetu, na bila hizo daktari asingegusa kisu. Mimi nilikuwa chumbani kwangu Mfaranyaki, nachambua mboga, mvua inanyesha. Simu kimya.

Nje mtu akasema, "Hodi, kijana."

Sauti ya Mzee Mapunda, na kile kikohozi chake baada ya neno. Wewe ungefanya nini? Nilinyamaza kama nilivyolelewa, nikangoja ya pili. Haikuja. Nikasikia viatu vikiondoka taratibu kwenye tope, na niamini, kilichonishinda si woga, ni kumkumbuka. Nikafungua.

Alisimama chini ya taa ya duka la jirani, amenipa mgongo. Mvua inamwagika, koti lake kavu.

"Shikamoo, mzee." Mdomo ulijisemea wenyewe.

Hakuitikia. Alisema tu, "Kilichokufa kinalia mara moja, kijana. Kitapata wapi pumzi ya kurudia?"

Bodaboda ikatokea, taa yake ikammulika, na pale alipokuwa pakabaki ukuta mtupu.

Nikaikumbuka ile tatu niliyoiagiza programu, nikaisimamisha bodaboda hiyohiyo. Hospitalini nilikuta mtambo mkubwa umezima. Unaelewa? Umeme ukichezacheza, hukata na kurudi, kwa hiyo tukio linajirudia. Huu ulikufa moja kwa moja, ukatoa tukio moja, na programu ikakaa inangoja mengine. Mtambo wa pili, uliobeba mzigo peke yake, ulikuwa wa moto, unanuka plastiki inayoungua. Nikampigia Haule, akaja mbio, tukazinakili picha kwenye diski ya akiba. Hatujamaliza kushusha pumzi, na huo wa pili nao ukazima.

Mama yake alipasuliwa, na leo anatembea. Haule aliponiuliza nilijuaje, nilimweleza. Safari hii hakucheka.

Nilikuwa nimepanga kuondoka tena, niende Nalasi msimu wa korosho. Lakini kila nikifunga begi, jioni hiyohiyo nasikia kikohozi mlangoni, bila neno. Nalifungua begi, nguo narudisha msumarini.

"Ukiondoka, kaka, atamwita nani?" Haule ananiuliza, nami naenda kukagua kebo.

Nawe unayelinda mitambo ya watu, ukiipangia programu tukio la kukushtua, usingoje lijirudie. Ila ukishaufungua mlango kwa sauti iliyoita mara moja, jua kwamba imeshajua unapokaa.